Skafu ya Kufika Getini

Kama umewahi kupita Ruring'u, hapa Nyeri, ukienda stediamu, umeona kibanda ya mabati ya bluu imeandikwa KAGURE SWETA ZA SHULE NA KOFIA. Herufi ya kwanza ni kubwa kama sahani, ya mwisho ni ndogo kama punje ya mchele, juu nafasi iliisha kabla ya maneno. Huyo aliyeandika ndiye mwenye kibanda, na ndiye tata Kagure, shangazi yetu, kifunga mimba wa nyanya yetu, cucu Murugi. Na hiyo bango ndiyo inakuambia kila kitu kuhusu yeye: kuanza alikuwa anaanza vizuri sana.

Shida ilikuwa kumaliza.

Alisomea udereva akajua kwenda mbele, kurudi nyuma akasema atarudi kusomea. Mpaka leo hajarudi, wala mbele wala nyuma. Alianza kuimba kwaya, akaacha katikati ya wimbo, nakuambia katikati, akakumbuka ameacha maharagwe kwa moto. Choo ya nyuma ya nyumba yake ilijengwa ikafika kiunoni ikasimama hapo miaka kumi na moja. Ukienda unajifunga na shuka, unakaa, unasalimia watu wa barabara. Wanakusalimia pia. Kuna mzee alikuwa anauliza hata hali ya masomo.

Lakini kile hatukumsamehea ni sweta ya mjomba Ndungu. Mwaka themanini na tisa, tata alimfumia kaka yake sweta ya kahawia, safi kabisa, akamaliza kifua, akamaliza shingo, akamaliza mkono wa kulia, halafu mambo ikaingia kati. Ndungu alingoja mkono wa kushoto mwaka mzima. Akachoka, akaanza kuivaa hivyo hivyo. Alienda nayo kanisani, alienda nayo harusini, na watu wakaanza kumwita tata Kagure "Mkono Moja." Dada yake mkubwa, Kabura, anayeuza nyanya Kagio na sauti yake hufika soko ikiwa yeye bado ako nyumbani, ndiye alihakikisha hilo jina halikufa.

Kitu ya kushangaza ni kwamba sweta za shule tata alikuwa anamaliza zote. Mwalimu mkuu akisema "mia moja na ishirini, Jumatatu ya kufungua," Jumatatu unazikuta kwa meza zimekunjwa. Hakuna mtu aliwahi kujiuliza ni kwa nini. Hata yeye.

Sasa twende elfu mbili na kumi na tatu. Nchi inajiandaa kufikisha miaka hamsini, na cucu Murugi anafikisha tisini. Tarehe yake ya kuzaliwa hakuna anayeijua, kitambulisho imeandikwa mwaka tu, kwa hivyo watoto walimchagulia sikukuu ya Jamhuri, Desemba. Cucu akasema sawa, angalau bendera zitakuwa zimepandishwa tayari.

Januari hiyo tata akanunua simu ya intaneti, na wiki hiyo hiyo akafungua grupu ya Facebook: Mbari ya Ngatia, Tujuane. Mbari ni ukoo, na Ngatia ni marehemu guka yetu, bwana wa cucu. Tata akaandika: "Wapendwa, kila mtu achangie vile anaweza. Weka picha, weka hadithi. Mbarikiwe."

Miezi mitatu. Hebu nikuonyeshe yale mavuno.

Mjomba Ndungu aliandika "Amina." Mwiti, ambaye ni mtu wa Meru ameoa dada yao, aliweka picha ya fahali yake akaandika "Hamjambo." Binamu fulani aliweka tangazo ya viazi. Mwingine alidhani grupu ndiyo pahali pa kutafuta vitu kwa intaneti, akaandika "dawa ya kichwa ikiuma upande mmoja." Alilaikiwa na watu wanne. Hakuna aliyempa dawa.

Pasaka tukakutana kwa cucu, boma yake iko juu kidogo ya Ruring'u. Kabura alingoja chai imiminwe vikombeni ndio kila mtu akae kimya.

"Kagure," akasema, "ile grupu yako iko wapi? Mimi naona watu wengi kwa choo yako kuliko huko ndani."

Tulicheka, tusidanganyane. Hata mimi chai ilinitoka na pua.

Cucu hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Nyinyi mnacheka. Juzi nilikuwa dukani, kijana akanisalimia. Cucu, cucu, mkono ameninyooshea. Ako na paji la uso la baba yenu kabisa. Mimi nikaficha mkono, nikamwambia sinunui sabuni. Nilidhani ni wale wa kutembeza sabuni! Kufika nyumbani nikajiuliza, na kama ni wangu? Nusu yenu siwajui. Nataka niwaone wote kabla macho iishe. Wale wa mbali, hata kwa hiyo simu."

Wajukuu tukaanza kuangaliana paji za uso.

Tata Kagure akasimama, akamwangalia mama yake. "Maitu, kufikia Jamhuri utawaona wote."

"Na wasipoonekana?" Kabura akauliza.

"Grupu nakupatia wewe. Na mniite Mkono Moja mpaka siku ya kunizika. Muandike kwa msalaba."

"Na mkono wa msalaba tutaweka moja," Kabura akasema. Unaona dada huyo? Unaona?

Tata akarudi kwa kibanda akafanya kile anajua. Aliandika kwa grupu, kama oda ya sweta za shule, idadi ya watu walioko, idadi anayotaka, na tarehe. Hizo namba sirudii hapa, utaelewa kwa nini. Lakini wiki hiyo moja grupu ilipata watu na picha nyingi kuliko ile miezi mitatu yote. Watu walikuwa wanaingia asubuhi kuangalia imefika ngapi kama watu wa mpira. Ni kama kila mtu alikuwa amekaa tu, ana picha mkononi, anangoja kuambiwa inatakikana.

Ijumaa, cucu akamwita.

"Nimesomewa," cucu akasema. "Umehesabu watoto wangu?"

"Ni ya kujua tumefika wapi, Maitu."

"Mbuzi yenyewe sihesabu, wewe unahesabu watu? Mimi mwenyewe nikiulizwa nimezaa wangapi nasema aje?"

"Kenda waliojaa," tata akasema polepole.

Ni hivi: wazee wetu hawahesabu watu, na wakifika kumi ndio kabisa hawasemi. Wanasema kenda waliojaa, yaani tisa na kitu kidogo juu, ndio kama kuna ubaya unasikiliza mahali usijue pa kuchukua mmoja. Na usifikiri ni mzaha, juu siku hiyo hiyo Mwiti alipiga simu kutoka Meru akasema ile fahali ya picha imeanguka kwa mtaro.

"Unaona?" cucu akasema.

"Maitu, fahali haikuwa kwa hesabu!"

"Haikuwa, na imeanguka. Sasa wale waliokuwa?"

Tata akafuta. Na namba ikifutwa tu, grupu ikalala tena. Wiki mbili nzima kitu pekee iliingia ni yule binamu, sasa kichwa inamuuma pande zote mbili.

Tata alikaa kwa mashine yake siku tatu bila kufuma. Kwa miguu yake kulikuwa na gunia ya mabaki ya uzi: maruni ya shule moja, kijani ya nyingine, kijivu ya nyingine. Siku ya nne akaweka maruni kwa mashine, akafuma kipande cha urefu wa kiganja chake, akakiangalia. Akaongeza kijani, kiganja. Akaongeza kijivu, kiganja. Akafunga kibanda saa sita mchana, kitu hajawahi kufanya, akapanda kwa cucu.

"Maitu, uzi ni mwiko kupima?"

"Uzi? Uzi pima mpaka Nanyuki."

Basi jioni ikaingia posti ambayo binamu wengine bado wanaijua kwa kichwa:

"Hakuna kuhesabu mtu. Tunapima SKAFU. Kila mtu wa Ngatia akiingia hapa na jina, mtoto wa nani, picha, na jambo moja la kumfanya cucu acheke, nafuma kiganja kimoja. Maruni ni Tim Nyeri, kapteni Ndungu. Kijani ni Tim Kagio, kapteni Kabura. Kijivu ni Tim Meru, kapteni Mwiti. Skafu inaanza kwa mlango ya cucu na lazima ifike GETINI. Jamhuri. Wale wa Nairobi rudini kwa tim za mama zenu."

Ngai. Sasa hapo ndipo watu wazima waliharibika.

Kila Jumamosi tata alikuwa anabeba skafu mpaka kwa cucu, anailaza kwa ile njia ya kutoka mlangoni, anapiga picha. "Imefika kwa jiwe ya kukanyagia." "Imefika kwa bomba." "Imefika kwa kuku, kuku imekalia Tim Kagio." Hakuna namba hata moja, lakini kila mtu alijua tuko wapi kuliko vile anajua bei ya unga.

Mjomba Ndungu, ambaye huendesha lori ya mchele kutoka Wang'uru na maisha yake yote alikuwa mtu wa "Amina," akageuka. Alikuwa anaamka anaandika: "TIM NYERI! Meru wanafuma, nyinyi mnakoroga chai!"

Mwiti anajibu: "Shemeji, tulia. Sisi huku tunazaa na tunaposti. Nyinyi endeleeni na sukari."

"Mwiti, huyo umeweka jana ako na pembe."

Kweli, alikuwa ameweka fahali. "Kirimi wa Mwiti. Alianguka kwa mtaro na akatoka mwenyewe." Tata akakataa. Mwiti akasema hata Ndungu ako na kichwa ya ajabu na hakuna aliyemwitisha cheti.

Kabura naye alikuwa na shida ambayo sijaona mtu mwingine akiwa nayo. Alitaka Kagure ashindwe. Lakini hakutaka Kagio iwe ya mwisho. Kwa hivyo asubuhi anaandika "hii kitu haitafika popote," na mchana anaposti wajukuu watatu. Siku moja akaweka picha ya hospitali, ile ya mtoto akiwa tumboni, nyeusi nyeupe, kama ramani ya hali ya anga. "Huyu ni wa Kagio." Kulikuwa na komenti mia mbili. Mwishowe tata akaamua: nusu kiganja, ingine akizaliwa.

Na watu walikuwa wanatafutana kweli. Binamu alitembea mpaka kwa shangazi aliyekuwa amenuniana na mama yake tangu harusi ya mwaka tisini na sita, akampiga picha, akaandika: "Amesema bado amekasirika lakini anataka kijani iliyokoza." Mimi nilienda kupiga picha ya mzee wetu mmoja, akaniambia jambo la kumchekesha cucu ni kwamba yeye ndiye aliyekula ile sufuria ya nyama mwaka sabini na mbili, na paka alichapwa bure. Cucu alisomewa hiyo, akacheka mpaka akashikwa mgongo. Kisha akaomba paka msamaha, hayuko, lakini aliomba.

Novemba katikati, skafu ikabakisha urefu wa mkono kufika getini. Geti yenyewe ilikuwa mbao nne na kamba. Tata alianza kutembea na shingo imenyooka.

Jumatatu hiyo lori ndogo ikasimama kwa cucu. Kabura akashuka.

"Maitu, nimekuletea zawadi. Tisini si mchezo. Nimekununulia geti."

Geti ya chuma, nyekundu, na simba wawili wamechomelewa juu. Mmoja alikuwa simba sawa. Mwingine alionekana kama ana homa. Mafundi wakang'oa mbao, wakaweka geti mpya. Hatua nne mbele ya ile ya zamani, karibu na barabara.

"Ndio gari iingie vizuri," Kabura akasema.

"Nani ako na gari?" cucu akauliza.

"Atapatikana."

Picha ikafika kwa grupu kabla saruji ikauke. Usiniulize maneno yaliyoandikwa, wengine ni watu wa kanisa. Mwiti alisema ataleta jembe aing'oe nyumba isogee mbele. Kila mtu alingoja tata Kagure aseme si haki, tumeachia hapo, kama kawaida yake.

Akaandika: "Nilisema getini. Hii ni geti. Hatua nne, wiki tatu na siku kidogo. Tim Kagio, simba wenu mmoja mpeni dawa."

Hapo ndipo nilijua huyu mama amebadilika.

Watu wakachimba mpaka ndani. Waliposti watoto waliozaliwa juzi wakiwa hawajafungua macho. Waliposti mpaka wale hawakutaka kupostiwa. Jumamosi ya mwisho kabla ya Jamhuri, skafu ikalazwa: ilibaki viganja sita na kitu. Na kwa ukoo wote hakukubaki mtu. Kila jina ambalo mtu angeweza kukumbuka lilikuwa limefumwa. Isitoshe, Tim Meru ilikuwa imepita Tim Nyeri na viganja viwili.

Tata aliweka picha bila maneno. Kabura akaandika: "Pole, Mkono Moja. Ulijaribu. Password tuma kwa hii namba yangu."

Chini yake Mwiti akaandika: "Tim Nyeri wameisha. Ndungu, kapumzike, mzee. Meru tumekuachia hata ya pili."

Mjomba Ndungu alikuwa Wang'uru akipakia mchele. Alisoma hiyo komenti akiwa amesimama kwa jua, wapakiaji walituambia baadaye. Alisoma mara mbili. Akaandika neno moja: "Subiri."

Baada ya kama nusu saa, posti ya kwanza ikaingia. "Ngatia wa Ndungu. Kidato cha pili, Wang'uru. Anaweza kubeba gunia ya mchele kwa kichwa na acheze densi." Tim Nyeri.

Kisha "Murugi wa Ndungu." Kisha wengine. Kisha mama yao, anaitwa Wakonyo, "anapika wali ambayo cucu lazima aonje." Viganja sita. Tim Nyeri mbele.

Grupu ikanyamaza. Kimya ya kusikia bando ikiisha.

Wewe kama si wa huku ngoja nikueleze. Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Baba ya Ndungu ni Ngatia, kwa hivyo kijana wa kwanza wa Ndungu lazima ni Ngatia. Na Ngatia wa Ndungu tulikuwa naye tayari, ako Nairobi anafanya kazi ya benki, ana tai, amefumwa tangu Mei. Mwanaume kwa nyumba moja anapata Ngatia mmoja. Ukiona ako na wawili, ako na nyumba mbili.

Kabura ndiye alivunja kimya: "Ndungu. Ngatia wako si ako benki?"

Mwiti: "Ngojeni kwanza, nimekaa chini."

Nafikiri hapo ndipo damu ya mashindano ilimtoka mjomba kichwani akajisoma. Miaka kumi na sita alikuwa amenyamaza. Padre alimhubiria, hakusema. Alilazwa hospitali na nimonia akidhani anaenda, hakusema. Sasa amesema juu ya skafu. Akaandika haraka: "Akaunti yangu imeingiliwa na watu wabaya."

Mwiti: "Shemeji, hao watu wabaya wamekuvalisha sweta?"

Tukarudi kuangalia picha. Mungu wangu. Nyuma ya watoto, akitabasamu, amesimama mjomba Ndungu na sweta ya kahawia. Mkono wa kulia uko. Wa kushoto hakuna. Sweta kama hiyo nchi nzima ni moja, na alikuwa ametuambia iliibwa kwa kamba ya nguo mwaka tisini na saba. Kumbe iko Wang'uru. Na ukifikiria, Wang'uru kuna joto, mkono moja inatosha.

Sasa kila mtu akawa anangoja mtu mmoja: Watiri, bibi yake wa Nyeri. Watiri si mtu wa kuandika. Kwa mwaka mzima alikuwa ameweka laiki mbili, zote kwa paka ya ile nyama. Tulikaa na simu mkononi. Komenti yake ikaingia:

"Mchele."

Tukangoja.

"Miaka kumi na sita nakula mchele wa pishori na sijawahi kununua. Mlidhani nadhani inamea kwa kabati? Nilikuwa nangoja tu aseme na mdomo wake. Waleteni Jamhuri. Huyo mama pia akuje, niko na maswali mawili. Na Ndungu siku hiyo ataosha sufuria zote, na hiyo sweta akiwa ameivaa."

Laiki zilizopewa hiyo komenti ndizo nyingi kuliko za grupu yote.

Lakini Kabura hakuwa amemaliza. "Hao hawafumwi," akaandika. "Ukoo si sabuni, huingii juu umetembezwa. Mpaka Maitu aseme ni wake."

Na tata, sijui alikuwa na hofu aje, akajibu: "Ni kweli. Maitu ndiye atasema." Akafuma vile viganja sita vya maruni, lakini hakuvishona kwa skafu. Akavikunja akaweka kwa kikapu.

Jamhuri ikafika. Sitasema tulikuwa wangapi kwa boma hiyo. Tulikuwa kenda, tukajaa, tukamwagika mpaka barabarani. Skafu ikalazwa kutoka mlangoni, ikapita jiwe, ikapita bomba, ikapita kuku, ikapita mashimo ya geti ya zamani, ikasimama. Mbele yake nyasi tupu, halafu simba wa Kabura. Tata alikuwa amevaa nguo ya kanisa na alikuwa ameshika kile kikapu na mikono yote miwili.

Lori ya mchele ikasimama. Ndungu akashuka na ile sweta, akaenda moja kwa moja kwa sufuria bila kuangalia mtu. Wakonyo akashuka na gunia ya mchele, na watoto. Yule Ngatia wa Wang'uru akatembea kando ya skafu mpaka kwa kiti ya cucu, mrefu, mwoga, na hilo paji la uso. Akanyoosha mkono.

"Cucu," akasema, "hata leo siuzi sabuni."

Cucu akamwangalia. Akamwangalia tena. "Ni wewe!" akapiga kelele. "Wa dukani! Nani alikuleta siku ile?"

"Tulikuwa tumekuja na baba na lori. Aliniambia nikae ndani, nikatoka."

"Ndungu!"

"Naosha, Maitu!" Ndungu akajibu kutoka nyuma ya nyumba.

Cucu alishika ule mkono na mikono yake miwili, kama mtu ambaye anarudishiwa kitu. Hakuuachilia. Akageuza shingo tu. "Kagure. Unangoja nini? Shona."

Tata akapiga magoti kwa nyasi na sindano, akashona maruni kwa kijivu, watu tumemzunguka kama amechinja. Akasimama, akakunjua. Skafu ikaenda, ikaenda, na ikasimama vidole vinne kabla ya geti.

Vidole vinne! Nilisikia mtu akisema "aki woiye." Kabura alikuwa amesimama hapo hapo chini ya simba mwenye homa, na hakuwa amesema kitu bado, lakini midomo ilikuwa inatengeneza ile "Mko."

"Vuta," tata akasema.

"Ati nini?"

"Ni uzi wa sweta. Ukivutwa huwa inaongezeka. Kwani mtoto akikua mnanunua ingine kila wiki?"

"Kuvuta ni kuiba!" Kabura akalia. "Nyinyi nyote ni mashahidi, kuvuta ni kuiba!"

Kutoka kwa kiti yake, sauti ya cucu ikakuja polepole: "Kabura. Na hii geti ilitembea yenyewe?"

Nilitamani ungekuwa hapo. Mwiti alianguka chini. Kabura akaangalia simba, simba hawakumsaidia. Halafu, na hii ndio nampendea huyu mama na shida zake zote, akainama akashika ncha ya skafu yeye mwenyewe, akavuta mpaka mishipa ikamtoka, akaifunga kwa nguzo, chini ya simba mgonjwa. Fundo mbili.

"Imefika," akasema bila kumwangalia dada yake. "Lakini mjue Tim Kagio ndio imefunga."

Tata Kagure alitembea kutoka mlangoni mpaka getini, polepole, mguu mmoja kila upande wa skafu. Akarudi. Akatembea tena. Mara ya tatu tukamwambia chakula inapoa.

Tulimfunga cucu na hiyo skafu mzunguko baada ya mzunguko mpaka yakabaki macho tu, na macho yalikuwa yanacheka. Watiri na Wakonyo walikaa pamoja wakala wali. Yale maswali mawili sijui yalikuwa gani, lakini wakiyaongea walikuwa wanaangalia Ndungu kwa sufuria, na wote wawili wakacheka, na nikaona mjomba akisugua kwa bidii zaidi. Mwiti alikata rufaa kuhusu fahali yake Kirimi. Bado iko kotini.

Kukesha? Hapana, tuliondoka mapema, tata alikuwa na sweta za Januari. Lakini kabla hatujafika hata kwa lami, simu zote zikalia pamoja. Posti mpya kwa grupu. Picha ya choo yake, vile iko, kiunoni, na kamba imefungwa juu kuonyesha paa itakuwa wapi. Chini ameandika: "Pasaka. Kila tim laini zake za matofali. Maruni, kijani, kijivu, nitapaka rangi."

Iliisha wiki moja kabla ya Pasaka, Tim Nyeri mbele, Ndungu alileta matofali na lori akiwa na sweta mpya ya mikono miwili. Choo iko na mlango, iko na paa, inafungwa kwa ndani. Yule mzee wa barabara ndiye peke yake hakufurahi. Anapita hapo asubuhi anasimama, anaangalia ukuta, anasema kwa sauti, "Habari ya masomo?" Mtu akiwa ndani inabidi ajibu.